Nguzo Ndefu za Hangari ya Maziwa

Nguzo za hangari ya kijiji cha Kingi nilizichorea nyumbani Bweremana, kwenye meza tunayolia chakula. Wafugaji na wakulima walikuwa wamejiunga wapate mahali pamoja pa kuuzia maziwa na maharagwe, na walitaka paa liwe juu sana ili moshi wa kupikia jibini utoke. Lakini vyuma vilivyopatikana Goma vilikuwa vyembamba.

Chuma kirefu na chembamba hakifi kama watu wanavyodhani. Simamisha bua kavu la muhindi, ulikandamize kwa kiganja. Halisagiki, linachepuka pembeni, na likishaanza kuchepuka halina nguvu tena. Ukilishika katikati lisichepuke, linabeba kama mara nne. Kwa hiyo nilichora vyuma vya kukaza katikati ya kila nguzo, vingine vya kulala, vingine vya mshazari, ili nguzo zishikane.

Nguzo zilisimamishwa, mabati yakapanda. Kisha vita vikasogea. Fundi wa kulehemu akapakia jenereta yake na kukimbilia Goma, na vile vyuma vya kukaza vikabaki kwenye majani vikinyeshewa.

Miezi ikapita. Siku moja mzee mfugaji, mkubwa wa kamati ya wafugaji na wakulima hao, alinipigia simu.

“Mama injenieri, nguzo moja iko inalala kidogo. Ndiyo maana nakwambia.”

Nilipanda pikipiki. Barabara ilikuwa tope tupu. Mara nyingi nilishuka nikasukuma pamoja na dereva. Nilifika miguu mizito, na nilichotamani ni kukaa tu chini.

Hangari ilikuwa imejaa watu. Familia zilizokimbia Walikale na vilima vya karibu zilikuwa zimetandika mikeka kila mahali. Juu, kwenye vyuma vya paa, walikuwa wamepanga mbao, na juu ya mbao magunia ya maharagwe, vyungu, magodoro. Uzito huo wote ulikuwa unashukia nguzo zisizoshikwa popote katikati.

Nilifunga uzi kutoka juu ya nguzo mpaka chini, nikauvuta. Katikati, chuma na uzi viliachana kiasi cha kupitisha kiganja. Chini ya tumbo la nguzo hiyo mama mmoja wa Walikale alikuwa ananyonyesha.

“Mama,” nikamwambia, “inabidi mutoke wote. Leo hii.”

Alimhamishia mtoto titi la pili. “Tulikimbia Walikale. Tukakimbia tena njiani. Sasa nguzo ndiyo inatufukuza?”

Mzee wa kamati, aliyesimama ukingoni mwa paa, akaingilia: “Batoke! Hangari ni yetu, tuliwaambia toka mwanzo.”

“Papa,” nikasema, “ikianguka haitauliza ni ya nani. Hata wewe toka.”

Mama akauliza kwa nini nguzo ilikaa vizuri siku zote hizo kisha ilale sasa. Nikamwonyesha yale magunia. Akasema chini maji yanaingia, na panya wanakula. Ilikuwa kweli, mikeka ilikuwa imelowa pembeni. Nilipochora nilifikiria ndoo za maziwa na mizani. Kulala kwa watu sikukufikiria, na hakuna aliyeniomba nikufikirie.

Mvua ilianza. Mama akasimama, akamfikia mzee, akamwekea mtoto mikononi bila kumuuliza. “Mushike, Papa. Mimi nashusha ya kwangu.”

Mzee alibaki ameshika mtoto, kofia inachuruzika. Wanaume wakapanda. Niliwaomba waanze pale paa linapolemea nguzo iliyopinda, tena taratibu, bila kurusha. Kila gunia liliposhuka niliangalia uzi. Nguzo ilirudi kidogo, lakini tumbo halikuisha.

Sasa walikuwa nje na mizigo yao. Niliona mzee anatazama nyumba yake kilimani, kisha anamtazama mtoto. “Ile nyumba ya ndama iko kavu,” akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. “Ndama zitalala na mama zao.” Majirani wakulima wakachukua familia nyingine, si wote kwa moyo mweupe. Mmoja alisema wazi: “Siku mbili tatu tu.”

Tuliegemeza nguzo kwa miti ya mikaratusi. Fundi mwingine akatoka Masisi na jenereta iliyofungwa nyuma ya pikipiki. Nilimwambia akate nguzo iliyopinda na kuweka nyingine. Chuma kirefu cha kuweka badala yake hakikuwepo. Basi tukalehemu vipande vizito vya chuma pande mbili za nguzo hiyo, kisha tukafunga vile vyuma vya kukaza, kutu na yote, kwenye nguzo zote. Alilehemu huku watu wamemzunguka na turubai kukinga mvua.

Familia zilirudi ndani. Mama wa Walikale akaniuliza ataweka wapi maharagwe.

“Chini, juu ya mawe na mbao. Juu hapana, Mama. Hata moja.”

“Na panya?”

“Panya sijui.”

Alicheka kidogo, akanipa kikombe cha maziwa ambayo mzee alikuwa amemletea mtoto. Nikayanywa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingeinuka. Mpaka leo maziwa hayajauzwa katika hangari ile. Watu bado wanalala humo, na nguzo zinawabeba.