Golikipa wa Matrah na Barua Mbili

Chumba chetu cha Matrah, mji wa bandari ubavuni mwa Maskati, kilikuwa kikinuka mafuta ya papa. Hatukuwa wavuvi, harufu ile ilitokana na mpira. Kaka yangu Hamed alikuwa golikipa, na wenzake walimkabidhi yeye autunze mpira wao wa pekee, mpira wa ngozi uliofungwa mdomo kwa kamba. Hewa kavu na changarawe za uwanjani zilikuwa zikiipasua ngozi ile, kwa hiyo kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri Hamed alikaa kizingitini akaupaka mafuta kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemkanda mtoto mchanga. Mama alilalamika kwamba hata udi haufui dafu mbele ya harufu ile. Mchele unanuka papa, shuka zinanuka papa, na mimi nikienda kisimani wasichana wenzangu wanakunja pua. Lakini ni Mama huyohuyo aliyeshona vipande vya godoro kuukuu ndani ya viwiko na mapaja ya nguo za kuchezea za Hamed, maana kiwanja chetu hakikuwa na jani hata moja, na kipa anayejitupa juu ya changarawe hurudi nyumbani amechunika kama muhogo uliomenywa.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne tukitokea Unguja, baada ya mapinduzi, tukiwa na masanduku mawili na cherehani ya Mama. Baba alikuwa mwalimu wa skuli kule, mtu aliyezoea kuona darasa zima likisimama anapoingia. Huku jamaa za ukoo walitupokea vizuri, wakampa kazi ya kusimamia ghala la tende, naye aliifanya bila ya kunung'unika hata siku moja. Kilichomshinda ni macho. Ukungu wa mtoto wa jicho ulianza jicho la kushoto, ukahamia la kulia, na ilipofika kipupwe cha mwaka wa sitini na nane, Baba alikuwa akitutambua kwa hatua zetu. Nyumba ikabaki mikononi mwa Hamed, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Mimi, Zuwena, nilikuwa na miaka kumi na moja. Maskati ya wakati ule haikuwa na skuli ya serikali ya mtoto wa kike, kwa hiyo skuli yangu ilikuwa mkeka na mwalimu wangu alikuwa Baba. Alinifundisha kusoma Kiarabu na Kiswahili kwanza akiona, kisha akiona kidogo, na mwisho akisikiliza tu, akinirekebisha kila nilipokosea kana kwamba karatasi iko mbele yake. Barua zote zilizofika nyumbani nilizisoma mimi, hata Hamed akiwapo, maana Baba alitaka yawe ndiyo mazoezi yangu. Jambo hilo lilinipa kichwa kikubwa, na nisiseme uongo, nililipenda.

Siku za Ijumaa vijana walikwenda Wattaya, ambako siku hizo kulikuwa ni uwanda mtupu wa changarawe kati ya vilima, wakapanga mawe kuwa magoli na kucheza mpaka jua linazama. Hamed hakuwa mrefu sana, ila alikuwa na mikono ambayo mpira ukiifikia hutulia. Watu walitoka Maskati na Ruwi kuja kumtazama, na siku moja miongoni mwao alikuwamo mfanyabiashara wa Kuwait aliyeitwa Bwana Jasim, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuja kununua tende. Alisimama nyuma ya goli la Hamed mchezo mzima. Mwezi mmoja baadaye meli ilileta barua yake. Katika mfuko uleule wa barua, kwa bahati ambayo mpaka leo sijui niiite njema au mbaya, ilikuwamo barua nyengine kutoka Cairo, ya rafiki wa Baba aliyesomesha naye Unguja.

Nilizisoma zote mbili mbele ya Baba, Mama na Hamed. Bwana Jasim aliandika kwamba klabu moja ya kwao inamtaka Hamed. Watampa kazi ya asubuhi bandarini, mazoezi jioni, mshahara kwa vyote viwili, na nyumba ya vyumba viwili ili awachukue wazee wake. Mwisho wa barua aliongeza kwamba kuna hospitali ya macho, na kuna skuli za wavulana na za wasichana. Neno hilo la mwisho nililisoma kwa sauti ileile ya maneno mengine, lakini ndani yangu kulikuwa na kishindo. Kisha nikafungua ya Cairo. Rafiki wa Baba alimpatia Hamed nafasi katika chuo cha ualimu, miaka minne, malazi na chakula bure kwake peke yake, na masomo yanaanza mwezi ujao. Nikamwona Baba anavyoinua uso. Ndiyo ndoto aliyotoka nayo Unguja, mwanawe awe mwalimu kama yeye. Chini ya ukurasa palikuwa na sentensi moja zaidi. Ilisema kwamba kama safari ina matatizo, chuo kitamngojea hadi muhula wa pili. Sisi sote tulijua kwamba ruhusa ya kusafiri haipatikani kwa mwezi mmoja. Nikaiona sentensi ile, nikaikunja barua, nikasema, "Basi, na salamu."

Hapakuwa na mjadala baada ya hapo. Mwezi mmoja hautoshi, Cairo imekwenda zake. Baada ya siku mbili Baba akasema, "Kama mpira ndiyo kazi atakayoifanya, basi na mie niijue kazi yenyewe. Ijumaa nnakwenda Wattaya." Hakuwa amepata kwenda hata mara moja. Kwake mpira ulikuwa kitu cha watoto baada ya masomo. Ijumaa hiyo Bwana Jasim, aliyekuwa amerejea mjini, alitarajiwa uwanjani ili apewe jibu, na timu ilicheza na vijana wa kambi ya mafuta waliokuja na jezi za rangi moja na viatu. Tulipakiwa kwenye gari la mizigo pamoja na wachezaji. Baba alikaa mbele kwa heshima na mimi mapajani mwake, kisha tukasimama pembeni mwa goli la Hamed, mkono wake begani mwangu. Baadhi ya wanaume walinitazama kwa mshangao, mtoto wa kike kafuata nini huku. Baba hakuwaona, na mimi nilijifanya siwaoni.

"Nisomee," akaniambia.

Nikamsomea. Nilimwambia mpira uko kwa nani, unakwenda upande gani, Hamed amesimama wapi, amekunja magoti vipi. Mwanzoni nilibabaika, kisha maneno yakaanza kutoka yenyewe na vidole vya Baba vikawa vinanibana bega kila hatari inapokuja. Mara mbili Hamed aliruka akaupangua mpira, na mara mbili nikasikia Baba akivuta pumzi. Kisha, katikati ya mchezo, ulikuja mpira mwepesi, mpira wa kuokota tu. Hamed akaudaka, ukamponyoka, ukapita katikati ya miguu yake polepole ukaingia golini. Upande wa pili wakashangilia. Mimi nikanyamaza.

"Mbona kimya? Kafunga nani?"

"Wamefunga wao, Baba."

"Mpira mkali?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kaka yangu alikuwa amepiga magoti, amejishika kichwa. "Haukuwa mkali," nikasema. "Umemponyoka. Kosa lake mwenyewe."

Baba alitikisa kichwa taratibu. "Ahsante, mwanangu. Mwengine angenificha, akaona ananionea huruma. Macho yangu sasa ni wewe."

Sikumbuki vizuri yaliyofuata mara baada ya hapo, kwa sababu nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kisima mgongoni. Ninachokumbuka ni jinsi Hamed alivyosimama. Alifuta mikono yake kwenye fulana, akawaita mabeki wake kwa majina, akawapanga upya kwa sauti ambayo haikutetemeka hata kidogo. Wenzake wakasawazisha. Dakika za mwisho mshambuliaji mmoja wa kambi alibaki peke yake na mpira, mtu mwenye viatu mbele ya mtu mwenye miguu mitupu, na Hamed hakumngoja. Alitoka golini mbio, akajitupa miguuni mwake na kuukumbatia mpira, wakaviringika wote wawili katika vumbi. Nilipiga kelele bila ya kusoma chochote. Baba hakuhitaji kusomewa. Alikuwa ameshayasikia makelele ya watu wanaoliita jina la mwanawe, na alisimama wima kama alivyokuwa akisimama mbele ya darasa, machozi yanamtiririka, akimuuliza kila aliye karibu, "Kadaka? Kadaka?" Mchezo ukaisha sare, bao moja kwa moja. Bwana Jasim alikuja kumshika Baba mkono, naye Hamed akamwomba asubiri jibu mpaka Jumatatu, kwa adabu tu, ili wazee wazungumze mara ya mwisho.

Nyumbani, Mama alikuwa akimwosha Hamed viwiko kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na Hamed anasaga meno. Hapo ndipo niliposema. Nilitoa barua ya Cairo mkobani, nikaisoma sentensi niliyoiruka, nikairudia, kisha nikalia. Mama aliacha kitambaa kikaanguka ndani ya beseni. Nilitegemea kofi. Hamed akaniuliza tu, "Kwa nini, Zuwena?"

"Nilitaka skuli," nikamjibu.

Baba hakunigombeza, na hilo lilikuwa zito kuliko kunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amenifundisha kusoma lakini amesahau kunifundisha kwamba msomaji ni mtu aliyeaminiwa. Kisha akamgeukia Hamed. "Sasa una njia mbili za kweli. Usichague kwa sababu ya kosa la mtoto. Na mie usinitazame. Nimekwisha kukusikia leo ukicheza, na siwezi tena kusema ni upuuzi."

Hamed alichukua siku mbili kufikiri. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akatazama ukuta. Mimi nilifagia, nikachota maji, nikapika, sikuthubutu kumuuliza. Jumapili alasiri alituita sote. Nakumbuka alikuwa amevaa kanzu safi kama mtu anayekwenda kuposa. "Naenda Kuwait," akasema. "Siendi kwa kosa la Zuwena. Naenda kwa kuwa napenda kucheza, nami sitapata mara nyengine mtu wa kunilipa kwa jambo nnalolipenda. Chuo, Baba, nisamehe, ulikuwa ukikitaka wewe. Katika nyumba hii kuna mtu mmoja anayetaka kusoma mpaka akafanya dhambi kwa ajili yake. Tumpeleke huyo." Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Baba akanyoosha mkono hewani kumtafuta mwanawe, na Hamed akausogelea na kuubusu.

Bwana Jasim alikuja Jumatatu na karatasi ya mkataba. Hamed alikataa kutia sahihi mpaka iandikwe kwamba klabu itaniandikisha mimi skuli na itampeleka Baba hospitali. Bwana Jasim alishangaa, akasema hajapata kuona golikipa anayeomba daftari badala ya viatu. Lakini aliandika kwa mkono wake mwenyewe, pale pale juu ya sanduku letu. Baba akataka nimsomee mkataba mzima. "Na safari hii," akasema, "usiruke hata nukta." Niliusoma mara mbili, kidole chini ya kila neno, na nilipomaliza Hamed akatia sahihi.

Alitangulia yeye, sisi tukamfuata mwaka wa sitini na tisa ruhusa zetu zilipopatikana. Nilianzia darasa la watoto wadogo kuliko mimi, nikiwa mrefu kama mlingoti katikati yao, na kwa miaka miwili nikawafikia wa rika langu. Baba alipasuliwa jicho moja, likaona. Mchezo wa kwanza alioutazama kwa jicho lake mwenyewe Hamed alifungwa magoli matatu, na Baba akarudi nyumbani amefurahi kama mtu aliyetoka harusini. Habari za mwaka wa sabini, kwamba Maskati imepata Sultani mpya, mambo yamefunguka na skuli zinajengwa hata za wasichana, tulizisikia tuko huko. Kaka alicheza misimu sita. Goti lilipomshinda hakulalamika. Alirudi Oman, akaajiriwa bandarini, akafundisha vijana mpira jioni mpaka nywele zikawa nyeupe. Nilimuuliza mara moja kama anajutia chuo. Hakunidanganya. Alisema zipo siku, akikaa na wenye shahada wanaozungumza kwa maneno makubwa, ambapo huona kuna mlango hakuufungua. Kisha hukumbuka alivyokuwa akishangiliwa, na huona hakulala nje, kwa kuwa aliufungua mwengine.

Leo Wattaya ni maduka ya magari, vioo vitupu, na kijana anayepita pale hawezi kuamini kwamba watu walichunika magoti mahali hapo. Wajukuu zetu wa mtaa wa Qurum wana nyasi za kijani, makocha na viatu vya kila rangi. Akitaka kucheza na kusoma kwa pamoja, mtoto hufanya hivyo, na msichana haulizwi amefuata nini. Sioni wivu. Naona tu kwamba wao huchagua kati ya vitu vingi wakiwa wamekaa kitako, na sisi tulichagua kati ya viwili tukiwa tumesimama, na kila kimoja kilikuwa kinamnyima mtu fulani chakula cha roho yake.

Nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana hapa Maskati. Siku ya kuniaga, ukumbi ulijaa wanafunzi waliovaa sare zilizopigwa pasi, na mwanafunzi mmoja akasimama kuniuliza ni nani aliyenisomesha mpaka nikafika hapa. Hamed alikuwa amekaa safu ya mbele na fimbo yake, akisinzia kidogo. Nilishuka jukwaani, nikamshika mkono, nikamsimamisha. "Huyu," nikawaambia. "Alikuwa golikipa." Ukumbi mzima wa wasichana ukasimama kumpigia makofi, na kaka yangu, ambaye hakuzoea tena kushangiliwa, aliinua mikono yote miwili juu na kuiacha huko.