Ermelinda Aliyeazimisha Safari

Katika mtaa wa nyuma ya kanisa, kule Monguí milimani, mtu anayetaka kusafiri mwaka mpya haanzi kwa kutafuta nauli. Usiku wa kuamkia mwaka, kengele zikilia, anachukua sanduku tupu na kuuzunguka nalo mtaa mzima bila kulitua. Na anayetaka kusafiri kweli, si kusafiri kwa mdomo, huazima sanduku la Ermelinda Siachoque.

Lilikuwa sanduku la ngozi, kazi ya marehemu baba yake, na lilikuwa na nyota. Mke wa mchinjaji alilizungusha, na mwaka ule ule akafika Uhispania kwa mwanawe. Mwalimu wa hesabu alilizungusha kwa dhihaka tu, na Pasaka ikamkuta Ajentina. Jirani wa Ermelinda, Carmenza Tibaduiza, alilizungusha akaiona bahari kule Tolú, akarudi na pua iliyobabuka, akaisimulia bahari hiyo mpaka watu wakaanza kumkwepa sokoni. Mtu pekee ambaye hakuwahi kulizungusha ni mwenyewe. Kila mwaka alisimama mlangoni, akawapa sanduku, akawatakia heri, kisha akarudi ndani kumgeuza mama yake kitandani. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na Ermelinda ni shahidi wao.

Mama yake aliugua miaka mingi, naye akamwuguza peke yake. Alishona mipira ya miguu kwa mkono, kama nusu ya mji ule, uzi wenye nta ukimkata vidole, kiti chake kikiwa pale pale kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa. Hakuomba msaada wa mtu. Aliyemletea supu alishukuriwa na kurudishiwa bakuli likiwa limejaa kuliko lilivyokuja. Watu walimsifu sana kwa hilo. Mimi, mnisamehe, nasema wema wa namna ile una kiburi kidogo ndani yake.

Oktoba mama akafariki. Watu wakasema sasa Ermelinda atapumua. Wapi! Hakulia mazikoni, hakulia katika siku tisa za sala. Aliendelea kuamka alfajiri kwenda kumgeuza mtu ambaye hayupo. Sindano ikamwia nzito, chakula kikamshinda, na siku moja akateremka mji wa chini kwa masista wenye nyumba ya wazee, akaomba nafasi. Wakamwambia kitanda kitapatikana mwaka ukianza, atoe jibu kabla Januari haijaisha. Ana miaka hamsini na minane, jamani.

"Nyumba ya wazee? Wewe?" Carmenza alifoka alipoambiwa. "Mie nimekuzidi miaka minne na bado napaka wanja!"

"Paka tu, Carmenza. Mimi nimechoka. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Kuishi," Ermelinda akasema, kwa sauti ile ile ya mtu anayesema amemaliza kuosha vyombo.

Carmenza akaenda zake nyumbani na kulia badala ya mwenzake.

Usiku wa mwaka mpya akaja kuazima sanduku kama kawaida, akambembeleza Ermelinda amsindikize maana njia ina utelezi. Hawajafika hata kwenye pembe ya kwanza, akajishika nyonga.

"Aah, nyonga yangu! Nishikie, shoga, nishikie, lisiguse chini!"

Ermelinda akalishika. Huyo ukimwonyesha mzigo, hushika kwanza na kuuliza baadaye. Carmenza akachechemea kando yake mtaa mzima, akiguna na kulalama, mpaka walipofika tena mlangoni, majirani wakiwatazama. Hapo nyonga ikapona.

"Amelizungusha! Mmeona wote? Kalizungusha mwenyewe, mkono wake mwenyewe!"

"Umenihadaa, mjanja wewe," Ermelinda akasema, akilitua sanduku kama limemuunguza.

"Nimekuhadaa, ndiyo. Safari sasa ni yako. Na unajua aliyezungusha akikataa kwenda, mtaa mzima unafungwa njia."

"Usitufanyie hivyo, dada Ermelinda," mke wa mchinjaji akadakia, tena bila mzaha. "Mwezi wa tano mjukuu wangu anabatizwa kule Uhispania. Nikifungwa njia mimi?"

Hapo ndipo walipompatia. Kwa ajili ya nafsi yake asingevuka hata daraja la mto, lakini kwa ajili ya mjukuu wa watu alipanda basi, akasafiri kutwa na kucha, akishuka milima asiyoijua majina, akijiambia atakaa siku chache tu, kisha aende zake kwa masista.

Carmenza alimwelekeza kwa Nuris Berrío, mwenye nyumba ndogo ya wageni kule Tolú. Ermelinda akashuka basi na ruana yake mabegani, lile vazi zito la sufu la watu wa milimani, jasho likimchuruzika hadi kwenye soksi.

"Mama yangu wee!" Nuris akapiga makofi. "Umekuja kuoga bahari au kuichemsha? Vua hilo, mpenzi, utaiva!"

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ermelinda alilitafuta jembe siku ya kwanza. Kabla chai haijapoa alikuwa jikoni kwa watu anasugua sufuria. Nuris akamtoa kwa mabega. Akafagia ua, Nuris akamnyang'anya ufagio.

"Sasa nifanye nini?" Ermelinda akauliza, na kwa kweli hakujua.

"Niambie utakula nini. Samaki wa kukaanga au wa mchuzi?"

"Chochote."

"Chochote sijavua leo. Wa kukaanga au wa mchuzi?"

Kwa miaka mingi Ermelinda alijua mama yake anapenda nini, kwa chumvi kiasi gani, kwa moto kiasi gani. Yeye mwenyewe anapenda nini? Alisimama pale uani kama mtoto aliyeulizwa swali darasani. Nyumbani kwao kila kiti kilimjua kama binti wa mgonjwa. Huku hakuna aliyemjua hivyo. Nuris alikuwa akimngojea yeye, mwiko mkononi, kana kwamba jibu lake lina uzito.

"Wa kukaanga," akasema mwishowe, kwa kunong'ona. Akala wawili, na wali wa nazi, na ndizi mbichi za kukaanga, akaramba vidole.

Asubuhi ya tatu aliamka jua likiwa juu. Akaruka kitandani: mama hajageuzwa! Kisha akakumbuka. Akatoka na gauni la kulalia, akavuka mchanga mpaka maji yalipoanza, akasimama. Nuris, aliyekuwa akipara magamba ya samaki, akamwona, akaacha kazi yake na kumsogelea. Hakumgusa wala hakumvuta.

Mawimbi yakamlamba miguu. Ermelinda alitaka kuingia, alitaka sana. Akageuka.

"Nishike mkono," akasema. "Naogopa. Nakuomba."

Sijui kama alishawahi kuyasema maneno hayo kwa binadamu yeyote. Nuris akamshika. Wakaingia mpaka kiunoni, wimbi likaja likawaangusha wote wawili, Ermelinda akameza maji, akaibuka nywele usoni, akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka, akaanza kulia, kilio chote cha Oktoba kikatoka, anamwita mama yake kwa sauti mbele ya bahari na watu.

"Lia, mpenzi," Nuris akasema, bado kamshika. "Ina chumvi tayari, hutaiharibu."

Siku zile alizosema ni chache zikawa wiki mbili. Alishukuru kwa kila kitu, mpaka Nuris akamwambia apunguze: alimshukuru muuza nazi, dereva wa basi, Carmenza na nyonga yake ya uongo. Akamshukuru na mama yake, kwa sauti, akitembea mchangani, kwa miaka ile yote. Sasa aliweza kuikumbuka bila kifua kumbana. Vidole vyake vikaanza kutamani sindano.

Januari ikielekea ukingoni, sista wa nyumba ya wazee akampigia simu.

"Kitanda kiko tayari, binti yangu. Tukuwekee?"

"Mungu awabariki, Sista, mlinipokea nilipokuwa sina pa kuegemea. Lakini hicho mpeni mzee."

"Na wewe je? Kule kwako uko peke yako. Siku ukishindwa, nani atakushika?"

Ermelinda akaitazama bahari.

"Nitaomba mtu anishike, Sista," akasema. "Siku hizi naweza kuomba."