Chai, Mizizi na Aspirini

Juzi, kwenye zahanati ya Kigwa, mwanamke mmoja alimwingiza mumewe akiwa amemshika kiwiko. Mgongo na mabega vilikuwa vimemkaza tangu walipolima shamba la kijiji.

"Umekunywa nini?" muuguzi akauliza.

Mume akatazama dari.

"Sema, baba watoto!"

"Chai ya tangawizi. Na mizizi ya jirani. Na aspirini."

Muuguzi akambonyeza tumbo. "Umepata choo cheusi? Umetapika damu?"

"Hapana, sista."

"Tangawizi kidogo sikukatazi. Ila mizizi usiyoijua usiichanganye na aspirini, unaweza kuvuja damu tumboni."

"Kwa hiyo hafi?" mke akauliza.

"Hafi."

Mke akaketi, akacheka huku akifuta machozi.

Wanaume wenzangu, mkutanoni tunasema mpaka jua linazama. Kwa muuguzi, hatusemi mpaka tubanwe.