Fundi wa kanda akabwa koo na harusi ya mumewe

Saa nne asubuhi, katika ghorofa ya kwanza ya jengo lililo nyuma ya soko la Marikiti mjini Machakos, Bi Nduku Ndunda anawasema vibaya maharusi asiowajua.

"Ona keki. Ghorofa tano! Na huo mwaka watu walikuwa wanalala njaa," anasema, akiinyooshea kidole runinga. Bibi harusi wa mwaka 1993 anapita polepole kati ya wageni, shela ikishikwa na watoto wawili. "Na hiyo shela yote ni ya nini? Si hapo ungetoa pazia za nyumba nzima?"

Chini ya runinga deki nyeusi inanguruma. Waya unatoka mgongoni mwake hadi kwenye kompyuta, na humo ile harusi inarekodiwa upya ili itiwe kwenye diski. Mwenye kanda ni mkulima mmoja mpole ambaye atakuja kuchukua diski yake jioni. Hatajua mkewe amesemwa nini.

"Mimi ni mtu wa wivu," anajitangaza Bi Nduku, mwenye umri wa miaka 48, kabla hajaulizwa. "Andika hivyo hivyo. Ukiandika niko na roho safi, watu wa hapa watakucheka."

Basi imeandikwa hivyo hivyo.

Kazi yake ni kuhamisha kanda za video za zamani na kuzitia kwenye diski, kwa sababu nyumba nyingi zina kanda lakini hazina tena deki ya kuzichezea. Hutoza Sh500 kwa kanda moja. Wiki kanda zikikosa kuja, yeye huuza kava za simu na kumshukuru Mungu kimyakimya.

Kazi hii haiharakishwi. Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, na fundi sharti aketi mbele yake akitazama.

"Vitu vya simu unahamisha ukienda kunywa chai. Hii, hapana," anaeleza. "Hapa ndani ya deki kuna kichwa, ndicho kinasoma kanda. Kikishika uchafu, picha inageuka chenga, madoa meupe tu, na kompyuta haikuambii. Inaendelea tu kurekodi chenga kama mjinga."

Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka ishirini Bi Nduku ameketi katika harusi za nusu ya kaunti hii bila kualikwa. Amewaona waliopigiwa matarumbeta, waliobebwa kwa magari yenye maua, na waliozimia madhabahuni. Yeye mwenyewe, siku ya kuolewa kwake, hakupata hata picha moja.

Alizaliwa Yatta, karibu na Matuu, akaja Machakos mjini mwaka 1998 kukaa kaunta katika duka la kukodisha kanda. Mwenye duka, marehemu Mzee Ndambuki, alimfundisha kufungua deki na kuunga kanda zilizokatika. Biashara ya kukodisha ilipokufa, mzee alimwachia deki nne na baraka zake.

Mwaka 2001 aliolewa na Bw Ndunda, dereva wa lori la mawe anayefanya kazi machimbo ya Mlolongo. Walipelekwa mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwa Wakamba ndio hufunga ndoa hata pasipo pete, mmoja akachinjwa, watu wakala, wakaenda nyumbani. Hakukuwa na shela, keki wala kamera.

Bw Ndunda alikuwa mjane. Mkewe wa kwanza, Mumbua, alifariki mwaka 1999 na kuacha binti wa miaka miwili, Mwendwa.

Wiki moja kabla ya Bi Nduku kuingia katika nyumba ile, mama mkwe wake alizitoa ukutani picha zote za marehemu, akazifunga kwa leso na kuzirudisha kwa wazazi wa Mumbua huko Mwala. Ndivyo ukoo ule ulivyozoea: mke mpya hakaribishwi na sura ya aliyemtangulia.

"Walidhani wananisaidia," anasema Bi Nduku. "Lakini ukuta ulibaki na alama pale picha zilikuwa zimekaa. Nilipaka rangi mara mbili, na bado nilikuwa naziona."

Anainuka, anafuta vumbi juu ya deki ambayo haina vumbi, kisha anaketi tena.

"Afadhali wangeziacha. Ukiwa haujui sura ya mtu, unamtengeneza wewe mwenyewe. Na mimi nilimtengeneza mrembo sana. Halafu mtu akishakufa, haunguzi chakula tena. Siku nimeunguza ugali, Ndunda ananyamaza tu anakula, na mimi naona kabisa anafikiria yule mwingine hangeunguza."

Je, aliwahi kumuuliza mumewe kama ndivyo alivyofikiri?

"Nimuulize ndiyo aseme ndiyo?"

Hivyo ndivyo alivyoishi, akishindana na mwanamke asiyekuwapo, akishindwa kila siku. Amejaliwa watoto wawili wa kiume. Alimlea pia Mwendwa tangu akiwa na miaka minne, naye binti akamwita "mwaitu", yaani mama yangu, tangu mwezi wa kwanza wa kuishi pamoja. Hakumpa shida yoyote.

Shida ilikuja mwaka huu, mwezi wa Agosti.

Mwendwa, ambaye sasa ana miaka 28 na ni karani huko Syokimau, anaolewa Desemba. Alienda Mwala kumwalika nyanya yake, mama yake Mumbua. Nyanya alifungua sanduku na kumpa kanda ya harusi ya wazazi wake, ya mwaka 1995. Msichana hakukumbuka hata uso wa mama yake nje ya picha, sembuse sauti. Akapanda ngazi za nyuma ya soko, akaiweka kanda mezani, kwa mtu pekee anayemjua wa kazi hiyo.

"Aliniambia, 'Mwaitu, niwekee kwa diski. Nataka kusikia vile anaongea,'" anakumbuka Bi Nduku. "Nikaiinua kwa mwanga. Nikamwambia kuvu imeikula."

Je, kuvu ilikuwapo?

"Ilikuwapo. Nyeupe pande zote. Lakini mimi nimesafisha kanda iliyokuwa imelaliwa na kuku. Hiyo ilikuwa kuvu kidogo tu."

Kanda ikakaa nyuma ya deki mbovu hadi katikati ya Septemba. Kila Jumapili Mwendwa alipiga simu, akamwomba mama yake wa kumlea ushauri kuhusu magauni, wapishi na maua, kisha mwishoni akauliza polepole kama ile kanda imepona. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na kilichomla Bi Nduku kilikuwa kwenye rafu yake mwenyewe.

Hatimaye aliishughulikia. Aliifungua, akaizungusha kwa mkono na kuipangusa polepole kwa kitambaa chenye spiriti, akaitia kwenye deki. Kisha akafanya jambo ambalo hangemruhusu mwanagenzi yeyote kulifanya: aliifunika runinga kwa leso.

"Nilisema kazi nitafanya, lakini macho ni yangu," anasema. "Nikapunguza sauti. Kanisani nilisikia kinanda kinapigwa kwa nguvu, nikapunguza tena. Nikakaa hapo nikichagua ndengu."

Alipoikagua diski siku iliyofuata, akirukaruka mbele kwa haraka, alikuta ibada imetoka vizuri. Ila kutoka chakula cha mchana hadi karibu na mwisho, zilikuwa chenga tupu. Kichwa cha deki kilishika uchafu wa ile kuvu, na fundi, aliyepaswa kuona, alikuwa amejifungia nje kwa leso yake mwenyewe.

"Nikajiambia hiyo ni sehemu ya watu kula. Nani analilia kuona watu wakila pilau ya mwaka wa tisini na tano?"

Diski ilikuwa tayari kutolewa hivyo. Aliitia hata kwenye kava. Ndipo Mwendwa alipopiga simu na kuuliza swali moja.

"Aliniuliza, 'Mwaitu, anaongea mahali?'"

Kanisani sauti ya bibi harusi ilikuwa imemezwa na kinanda, hilo Bi Nduku alilisikia mwenyewe. Kwingine hakujua, kwa sababu hakutazama.

"Nilimwambia anipe siku moja niangalie. Ningesema hapana, haongei. Angeniamini, huyo mtoto hajawahi kukosa kuniamini. Na mimi ningekuwa nimemnyang'anya mama yake kwa ajili ya leso."

Kurudia nako hakukuwa jambo dogo. Kanda yenye kuvu ni kama chapati ya jana, ukiikunja mara ya pili inakatika. Alikisugua kichwa cha deki, akairudisha kanda, akaitoa leso juu ya runinga na kuvuta kiti karibu.

Na Mumbua akatokea.

"Ni msichana tu," anasema Bi Nduku, na sauti yake hadi leo ina mshangao. "Mfupi. Ako na mwanya kama wa Mwendwa, hata anakanyaga gauni akitembea. Nilikasirika sana. Mimi nilikuwa nataka awe na maringo. Miaka yote hiyo nilikuwa nashindana na mtu mkubwa, kumbe ni katoto. Nikimwangalia sasa, ningeweza kumzaa."

Katika hema la chakula, mpiga video anamsogelea bibi harusi aliye na kijiko mdomoni. Mumbua anajifunika kwa kiganja, anacheka, anasema: "Wacha kunichukua nikikula, we!"

Ni hayo tu. Katika kanda nzima, hayo ndiyo maneno yake pekee yanayosikika.

Bi Nduku alidhani mabaya yamekwisha. Muziki ukaanza, magitaa ya Kikamba, na bwana harusi akasimama.

"Ndunda akacheza!" Anapiga meza. "Si kucheza kidogo. Mabega huku, kiuno huku, anashuka chini mpaka nikafikiria ameanguka. Watu wamemzunguka wanapiga mbinja. Huyo mtu tumeenda naye harusi zote za ndugu zangu, anakaa kwa kiti na soda yake, ananiambia yeye hajui kucheza. Miaka ishirini na nne! Nikamwonea yule msichana wivu, wivu kabisa, machozi yakatoka."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Lakini kanda dhaifu ikisimamishwa ghafla hukatika, na akikata dansi huenda rekodi nzima ikaharibika, pamoja na kile kicheko cha Mumbua. Kwa hivyo akaketi, akamtazama mumewe akimchezea mwanamke mwingine hadi wimbo ukaisha.

Jumamosi iliyofuata Mwendwa anakuja kuchukua diski yake, na mwandishi yupo. Anaketi mbele ya kompyuta na mkoba bado begani. Ibada anaitazama yote. Inapofika kwenye hema la chakula, ile sauti inasema wacha kunichukua nikikula, we, na msichana anajishika mdomo kwa kiganja, namna ile ile.

"Rudisha," anasema. "Mwaitu, rudisha hapo."

Bi Nduku anarudisha. Anaombwa tena, anarudisha tena. Mwendwa analia kwa sauti, bila aibu. Mama aliyemlea amesimama nyuma yake, mikono imefumbatwa, uso umekunjwa.

"Nimemlea na surua, na mitihani, na wavulana wajinga," anasema baadaye, msichana akiwa ameenda kunawa uso. "Hajawahi kulia kwa sababu ya sauti yangu. Lakini yangu si anaisikia kila Jumapili. Atalia ya nini?"

Palikuwa na jambo jingine lililomnyima usingizi, naye analitoa pale pale Mwendwa anaporudi. Kanda hii isije ikaonyeshwa mbele ya wageni Desemba. Yeye ameketi kwenye meza ya wazazi, halafu wanawake wote wa Mwala waanze kumlilia Mumbua? Angeenda kujificha jikoni na wapishi.

"Nisaidie tu hapo," anamwambia binti yake. "Najua ni mamako. Lakini hiyo siku nataka niwe mimi."

Mwendwa anamtazama kana kwamba amesikia jambo la ajabu.

"Mwaitu, kwani nani alisema itaonyeshwa? Hii ni yangu ya nyumbani. Hiyo siku ni wewe utasimama na mimi. Hata gauni yako nishalipa."

Bi Nduku anasema ni sawa. Anasema gauni lisiwe la kijani.

Wivu umekwisha, basi?

"Uishe uende wapi?" anajibu. "Umepungua. Yule msichana simchukii tena. Huyu mwanaume ndiye niko na maneno na yeye."

Mpango wake wa Desemba anao tayari. Amezungumza na mpiga video wa harusi ya Mwendwa: magitaa ya Kikamba yakianza, kamera iwafuate wazazi, isiwaache mpaka mwisho. Baada ya maisha yote ya kutazama sherehe za wengine, anataka kuwa ndani ya moja, akicheza na mumewe.

Bw Ndunda, aliyezungumza kwa simu kutoka Mlolongo, anakiri kwamba ni yeye aliye kwenye kanda. Anasema baada ya msiba ule hakuona tena sababu ya kucheza, na miaka ikapita hivyo. "Mwambie mama watoto sikatai," anaongeza, akicheka kwa haya. "Lakini hiyo dansi nilishaisahau."

Bi Nduku anapopelekewa ujumbe huo, tayari anatia nakala ya pili ya diski kwenye kava.

"Mwambie asijali," anasema. "Jumamosi akikuja nyumbani nitamwekea aangalie, ajikumbushe. Tutaanzia pale anashuka chini."