Papa katika Bwawa la Igombe

Krr, krr, krr. Kabla sijamwona babu niliisikia tupa yake ikinoa ndoana nyuma ya nyumba, nikajua kazi niliyotumwa ni ngumu. Mtu aliyekubali kuacha uvuvi hanoi ndoana.

Aliyenituma ni shangazi, anayeishi Bukene. Wiki ya tatu sasa babu alikuwa anatoka alfajiri na mtumbwi wake kwenye bwawa la Igombe na kurudi na ndoo kavu. Mara ya mwisho alirudi ameloa mpaka kofia, akasema ni umande.

"Umande gani wa Oktoba, Tabora?" shangazi alifoka kwenye simu. "Wewe si ndiye mwandishi? Msomee kile kitabu chako cha mvuvi mzee, aone mwisho wa kung'ang'ania. Akikataa, Jumapili nakuja na treni namhamishia huku kwangu."

Bukene hakuna bwawa lake. Kumhamishia babu kule ni kama kumvua kambale na kumlaza kwenye zulia. Lakini nami niliogopa maji yale, na niliamini vitabu kuliko ninavyoamini dawa. Kile nilikuwa nimekisoma mpaka jalada likang'oka. Nilikitia mkobani, nikaenda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kunipikia?"

"Nimekuja kukusomea."

Bibi alikuwa kwenye mkeka akimenya karanga za kuchanganya na michembe, viazi vikavu anavyovipenda babu. Hakuinua hata kichwa. "Mke mwenzangu huyu kupika hajui. Mwache asome."

Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo nilisoma huku nikifasiri. Jua la alasiri lilikuwa limeutia ua wote rangi ya asali, na tupa ikanyamaza. Mzee peke yake, mtumbwi mdogo, samaki mkubwa anayemvuta mbali na nchi kavu. Nilisoma kwa huzuni nyingi iwezekanavyo, kama nilivyoagizwa.

"Ngoja," babu akasema. "Maji yale si ya chumvi? Anakunywa nini?"

Swali hili lilikuwa na historia. Babu yake babu alibeba mizigo ya misafara, kwa miguu, kutoka hapa Unyamwezi hadi pwani. Alipofika aliinama akayaonja maji ya bahari, akatema, na habari ya mate yale imerithiwa nyumbani kwetu kama shamba.

"Alibeba chupa ya maji," nikamjibu.

"Afadhali. Endelea."

Nikafika pale pa kuliza watu. Samaki amekwisha kufa, amefungwa ubavuni mwa mtumbwi, mzee anarudi nyumbani. Nikashusha sauti: "Ndipo papa wakaja, wakaanza kumla samaki wa yule maskini."

Karanga zikamwagika. Bibi alikuwa amefanya ishara ya msalaba.

"Papa?"

"Ndiyo, bibi. Papa wengi."

"Wengi! Roma yupo mmoja tu! Na ale samaki wa maskini kwa kosa gani?"

Babu alicheka mpaka tupa ikamtoka mkononi. Mimi nilikuwa nang'ang'ana kueleza: papa huyu ni samaki, yuko baharini, ana meno. Bibi, ambaye huenda misa Kipalapala kila Jumapili na hajawahi kuiona bahari, alinitazama kama mtu anayeongeza dhambi juu ya dhambi.

"Kama ni samaki, mwite jina lingine. Mwite mamba."

Basi kuanzia hapo bahari ile ikajaa mamba, nao wakamla samaki mpaka ukabaki mfupa. Nikafunga kitabu. Nikasubiri babu ajutie uzee wake.

"Mjinga," babu akasema.

"Nani, babu?"

"Huyo mzee. Samaki humfungi nje. Unamtia ndani, unampiga kichwani, unarudi."

"Alikuwa mkubwa kuliko mtumbwi."

"Basi hapo alihitaji mwenzake." Akaokota tupa. Krr, krr.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa hotuba yangu ndefu. Nililala pale, nikijiuliza nitamwambia nini shangazi.

Asubuhi babu alikuwa tayari kwenye kizingiti na ndoo yake, nami nimekwisha kufungua mdomo nimsihi, bibi akatoka chumbani. Amejifunga kitenge cha safari, chupa ya chai kwapani, rozari mkononi.

"Unakwenda wapi?" babu akauliza.

"Igombe. Yule wa kitabuni hakuwa na mke wa kumwita. Wewe unaye. Nitakaa ukingoni, na hutavuka pale ninapoweza kukuona. Nikikuita mara tatu, unatoka majini."

"Na kama samaki yuko kwenye ndoana?"

"Hata akiwa Papa."

Babu akamkabidhi ndoo, kama anavyokabidhiwa mtu mwenye kazi, akatangulia.

Simu yangu ikaanza kulia: shangazi.

"Mwambie Jumapili aje kula kambale," bibi akasema, "na asisahau ndimu." Akatoka nyuma ya mume wake, akaurudisha mlango.