Kiti cha Mshazari

Mwaka ule mume wangu alipopatwa na kiharusi, nyumba yetu nzima ilianza kuinama. Sitii chumvi. Alirudi kutoka hospitalini mkono na mguu wa kushoto imekufa ganzi, na kila tulipomkalisha alilalia upande huohuo, kisha kwa ule mkono wake mzima akawa anajisukuma azidi kwenda. Nilimtazama hivyo asubuhi nyingi mpaka na mimi nikaanza kuona dirisha limelala, na vilima vya Iveti nyuma yake vimelala, na ukungu unamiminika kwenda kushoto kama uji kwenye sahani iliyoshikwa vibaya.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Nilitaka akae kwenye kiti, mezani, ale na sisi bila kushikiliwa. Yeye mwenyewe alikuwa amesema kwamba ikiwa ni kulishwa kitandani kama mtoto mchanga, afadhali tuache kumlisha. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, mtu aliyeuza mbegu na dawa za mifugo maisha yake yote, akiwatania wateja kutwa. Niliogopa sana.

Mimi ni fundi wa mashine. Nina karakana mjini Machakos ninakochonga vipuri vya mashine za posho na pampu za maji. Kazi ikinijia imepinda huwa siibembelezi. Naifunga, naikata, inanyooka. Basi nikaamua dawa ni kiti. Ningechonga vipande viwili vya nailoni ngumu vya kuweka chini ya ubao wa kukalia, kimoja kirefu kuliko kingine, na juu vyote vimekatwa mshazari ili ubao ulale juu yake bila kucheza. Upande wa kushoto ungeinuka, mume wangu angenyooka, na maneno yangekwisha.

Kukata mshazari namna hiyo hupindishi kisu cha mashine, unaipindisha kazi. Unaifunga juu ya bamba lenye bawaba, unaliinua bamba kwa digrii unazotaka, kisha kisu kinapita juu yake kama siku zote. Ninayo mabamba matatu ya aina hiyo. Moja ni dogo, la vitu vinavyoenea kiganjani. Jingine linainama na pia linazunguka, na vijana wote wanaopita karakana hulitamani hilo. La tatu ni zee, zito, lina bawaba moja tu. Nilichukua hilo zee. Kazi yangu ilitaka kuinama upande mmoja, na kila kiungo cha ziada ni mahali pengine pa kulegea. Hili likinidanganya, angalau najua limenidanganyia wapi.

Nilipangusa meza ya mashine kwa kitambaa, halafu kwa kiganja, maana kiganja hupata chembe za chuma ambazo kitambaa huziruka. Nikalifunga bamba, nikapitisha ukingoni mwake saa ya kupimia, ile ambayo sindano yake hucheza pakiwa na mpindo hata wa unywele, huku na huku, mpaka sindano ikaacha kutikisika na nikajua bawaba iko sambamba na mwendo wa meza. Hapo ndipo nikaliinua. Lina tabia moja: ukikaza nati, pembe husogea. Kubishana nalo ni kupoteza muda. Unaliweka pungufu kidogo, unakaza, na lenyewe linamalizia safari. Mistari ya digrii iliyochorwa ubavuni mwake siiamini, kwa hiyo hupima upya kila ninapokaza.

Nilikata taratibu. Nailoni ilitoka nyeupe, nyepesi kama maganda ya kitunguu, ikanirundikia miguuni, na kwa ule mvumo wa mashine nikawa kama mtu anayesinzia macho wazi. Nilimwona amekaa wima mezani, anakula muthokoi, anasema chumvi imezidi. Nilimwona wazi hivi kwamba nilipozima mashine nilishangaa kujikuta niko peke yangu.

Tulipomkalisha kwenye kiti kile nilimwekea pimamaji mabegani. Alikuwa amenyooka kuliko ukuta. Naye akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, akashika meza, akashika nguo yangu, akajisukuma kwa nguvu zote mpaka kiti nusura kipinduke.

“Unaniangusha,” alisema. “Mama watoto, mbona unaniangusha?”

Nilikasirika. Nilimsogezea pimamaji usoni, nikamwambia kipovu kiko katikati, aangalie mwenyewe. Hakuangalia. Alikuwa analia.

Nilimpigia simu binti anayemfanyisha mazoezi hospitalini. Alinieleza polepole kwamba kiharusi kilikuwa kimeihamisha ile hisia ya mwili ya kujua wima ni wapi. Akilala upande, mwili humwambia yuko sawa. Akinyooshwa, mwili humwambia anaanguka, ndiyo maana anapigana, na mtu yeyote angepigana. Macho yake hayana kasoro, akasema. Apewe vitu vilivyosimama avitazame, kama miimo ya milango, na asisukumwe. Nilimuuliza kama kiti kinaweza kumfuata yeye kwanza, kisha kirudi kidogokidogo. Akafikiri, akasema tunaweza kujaribu, mradi pawe na mto wa kumkinga ubavuni na mtu asibanduke karibu naye.

Siku ile pimamaji niliiacha kabatini. Nilimkalisha ukingoni mwa kitanda, nikamwegemeza kwangu, nikangoja mpaka ule mkono wake mzima ulipoacha kusukuma na vidole vikafunguka vyenyewe. Hapo alipotulia ndipo nilipopima ulalo wake kwa kipimapembe. Pembe hiyo nikaipeleka karakana, nikaiweka kwenye bamba, nikamchongea mume wangu kiti kilichopinda kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kazi ya mteja.

Alikaa. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeshuka stendi sahihi. “Hapa sasa,” alisema.

Zikaja wiki ambazo nazikumbuka kama ndoto. Tulikula naye amelala upande, akiuelekea mlango wa jikoni, akiukodolea macho mwimo wake, nami nikimshikia bakuli. Bila kujua nilianza kuinamisha kichwa nikizungumza naye, na wageni wakafanya vivyo hivyo, mpaka meza nzima ikawa inaongea kwa mshazari. Alipozoea, niliondoka na vile vipande, nikalishusha bamba kiasi kidogo mno, nikavipitisha tena chini ya kisu. Kuna mara nilishusha kupita kiasi, na ule mkono ukarudi kuishika meza. Nailoni ikishakatwa imekatwa, ikabidi nianze na vipande vipya. Sikulalamika, na wanaonijua watashangaa.

Halafu ikafika siku ambayo bamba lilikuwa limelala kabisa na hapakuwa na kitu cha kukata. Nilivitoa vipande chini ya kiti, nikarudisha ubao mahali pake, nikamkalisha. Nje mvua ilikuwa inanyesha polepole juu ya mabati. Alitazama mwimo wa mlango, akanitazama mimi, akautazama mwimo tena. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

“Naanguka,” alisema.

“Huanguki.”

“Mwili unaniambia naanguka.”

“Najua.”

Akanigeukia. “Niko sawa?”

“Uko sawa.”

Akauachia ukingo wa meza, akaulaza mkono pajani. Mshipa wa shingo ulikuwa unampiga, na niliona wazi kwamba bado anahisi anaanguka, lakini alikaa pale pale, akianguka bila kusogea, kwa kuwa mimi nimemwambia yuko sawa.

Kisha akaomba kijiko.