Waya wa Antena Uani kwa Mama

Mwaka niliokuwa naandika tasnifu, nilifunga waya wa antena kati ya mikaratusi miwili nyumbani kwa mama, kijijini Mhezi, mlimani. Nilikuwa nachunguza jinsi mawimbi ya redio yenye nguvu kubwa, yanayorushwa na mitambo ya nchi za mbali, yanavyolipasha joto tabaka la juu kabisa la hewa na kulivuruga. Waya wangu haukurusha kitu. Ulipokea tu mawimbi yaliyopita huko juu, nami nikayasoma kwenye kompyuta.

Vuli ilikuwa imechelewa. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, kijiji kizima tukizoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, mzee anayegawa zamu za maji aliniuliza ule waya ni wa nini. Kusoma nako kuna ujinga wake. Nilieleza yote, hadi nikaokota kijiti nikachora chini.

"Kwa hiyo huko juu kunapashwa moto?"

"Ndiyo, mzee, kidogo," nikajibu kwa furaha.

Nikarudi Same mjini ninakofundisha, data zikawa zinanifikia kwa simu. Baada ya wiki mbili zikaharibika: mchana kutwa mawimbi yanafifia, jioni yanarudi. Nikajiona mgunduzi. Nilipopanda mlimani kuhakikisha, nikakuta kanga nne na blanketi, vyote vinachuruzika maji, vimeanikwa juu ya antena.

Nilifoka. Nilimwambia mama ameniharibia shahada, na maneno yale yananiuma mpaka leo. Mama akaingia jikoni.

Jirani aliyenisikia akanifuata uani, akanieleza kwa sauti ya chini. Mara tu nilipoondoka, mama alinyimwa zamu ya maji mpaka ashushe waya unaochoma mawingu. Maharage yake yakaanza kunyauka. Ndipo akawaapia wanakijiji kwamba mwanawe ameshaacha mambo yale, sasa ni kamba ya kuanikia tu. Tangu hapo akawa analoweka hata nguo safi, ili wapita njia waone.

Nikamfuata jikoni. "Nisamehe, mama. Lakini mbona hukuniambia? Ningekuja kuwaelewesha."

"Ndiyo maana sikukuambia," alisema, akipuliza moto. "Umewaelewesha mara moja, nimekosa maji ya shamba. Ungewaelewesha tena, mwanangu, tungekosa hata ya kunywa."